Baridi ya Taita haimlazi mkulima wa mboga

Kila mwaka, Juni ikishafika katikati, sokoni Voi huanza mazungumzo yale yale. Fungu la nyanya lililokuwa na nne linabaki na tatu, kabichi zinakuja ndogo, sukuma wiki inapungua kwenye meza, na mteja akiuliza kulikoni, hupewa jibu moja: huko juu ni baridi, wakulima wamejifungia ndani wanaota moto. Muuzaji hulisema bila ubaya, mnunuzi hulipokea bila kulipima, na kila mmoja huenda zake. Nimelisikia jibu hilo kwa kina mama mboga, kwa makanga wa matatu za Wundanyi, hata kwa watumishi wa umma ambao kazi yao ni kujua zaidi ya hapo.

Jibu hilo si la kweli, na linatugharimu. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo familia ya mkulima wa mboga katika milima ya Taita hufanya kazi ngumu kuliko zote, na nyingi ya kazi hiyo hufanyika nyumbani, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Ndiyo pia miezi ambayo sisi wengine, kuanzia serikali ya kaunti hadi walaji wa Voi na Mombasa, humwacha mkulima huyo peke yake. Bei tunayoilalamikia Novemba na Desemba hupangwa katika miezi hiyo ya ukungu, kwenye kitalu kilichofunikwa kwa nyasi na kwenye dari lililo juu ya jiko. Anayetaka mboga ya bei nafuu wakati wa Krismasi, na aanze kuitazama milima Julai.

Kusi inapogonga mlima

Tuanze na hali ya hewa, maana wengi wetu wa Voi tunaiona milima hiyo kila siku bila kujua yanayoendelea huko. Mji wetu uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Ukipanda matatu hapa alfajiri, ukapita Mwatate na kuanza kupinda kona za kuelekea Wundanyi, utatafuta sweta kabla hujashuka. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi na kuivuka nyika kavu ya Taru pasipo kuiachia mvua ya maana, kisha hukutana na milima ya Taita. Hewa ile yenye unyevu hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka ukungu. Werugha, Mgange na maeneo ya Vuria huweza kukaa siku kadhaa mfululizo bila kuliona jua sawasawa.

Ukungu huo una tabia inayomtesa mkulima wa mboga kuliko baridi yenyewe. Hulowesha majani lakini haufiki kwenye mizizi. Mnyanya waweza kuwa unadondoka matone saa nne asubuhi ilhali udongo chini yake umekauka, kwa kuwa masika yaliisha Mei na vuli haiji mpaka Oktoba. Mkulima basi anapambana na shida mbili zinazovutana: majani yana maji kupita kiasi, mizizi ina kiu. Akinyunyizia maji kwa mipira inayorusha juu kama alivyozoea, anaongeza unyevu pale pale usipotakiwa. Asiponyunyizia, mmea unadumaa.

Majani yakikaa na maji kwenye baridi, huja blaiti, kama wakulima wanavyoiita. Mabaka ya kahawia na meusi hutokea kwenye jani, yakashuka kwenye shina, yakafika kwenye nyanya yenyewe, na shamba lililokuwa zuri Jumatatu laweza kuwa limeungua lote wiki ikiisha. Viazi na nyanya ni mimea ya ukoo mmoja, na ugonjwa huu hauchagui. Ndio uliokausha mashamba ya viazi ya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, ikafuata njaa iliyoua takriban watu milioni moja. Leo kuna dawa, lakini dawa hiyo ni ya kununua, na katika majira ya ukungu hurudiwa tena na tena. Kwa mwenye robo ekari, pesa za dawa ni zile zile zilizokuwa za karo.

Chuo Kikuu cha Helsinki cha Finland kina kituo cha utafiti Wundanyi, na watafiti wake wameichunguza misitu na hali ya hewa ya milima hii kwa miaka mingi. Nimekuwa nikijiuliza watu waliotoka katika baridi ya nchi yao wanauonaje msimu wetu. Kwao, katika siku fupi kabisa za Desemba, jua la Helsinki huonekana kwa muda usiotimia saa sita kwa siku, na bustani hulala chini ya theluji. Mkulima wa mboga wa huko huweka jembe chini. Hakuna anayemtazamia avune kabichi shambani Januari. Hukaa ndani akachagua mbegu, akanoa zana, akala viazi na karoti alizohifadhi tangu mavuno, na jamii nzima imejipanga tangu zamani kuyapokea majira hayo. Baridi ya Taita haifuniki kitu. Mlima hubaki kijani, na anayeupita kwa gari hudhani mambo ni shwari. Kwa kuwa hakuna theluji, hakuna aliyeona haja ya kumpangia mkulima wetu lolote.

Kazi ya ndani ya boma

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabichi unayoikata jikoni kwako Voi mwezi wa Desemba iliundwa Agosti, na aliyeiunda mara nyingi ni mama aliyejifunga leso mbili kwa baridi.

Siku yake huanza kwa kungoja. Sukuma wiki na spinachi hazifai kuvunwa umande ukiwa juu ya majani, kwa sababu jani lililofungwa likiwa limelowa huanza kuoza ndani ya gunia kabla halijafika soko la Kongowea. Lakini gari la kwenda Mombasa lina saa zake na halijui habari za umande. Basi familia huvuna jioni ya kuamkia siku ya gari, kile kidogo kilichokauka, na kukitandaza ndani ya nyumba kwenye magunia na mikeka. Watoto hulala wakiwa wamezungukwa na mboga. Alfajiri hufungwa matita, na mwanamume au kijana wa nyumba huyashusha barabarani kwa mgongo au kwa boda boda, kwenye njia ya udongo inayoteleza.

Muda wa kungoja umande ndio muda wa mbegu. Matunda ya mnavu yaliyoiva hukamuliwa, huoshwa mara kadhaa mpaka mbegu zitulie chini ya bakuli, kisha hukaushwa kivulini. Wakati wa jua kazi hiyo huisha kwa siku chache. Wakati wa ukungu hurefuka mno, na mahali pa pekee penye joto la kutegemewa ni juu ya jiko. Maharagwe ya mbegu huchanganywa na majivu ili wadudu wasiyatoboe. Mbegu za maboga hutazamwa moja moja, nyepesi zikatupwa. Mwanamke anayefanya kazi hii hana cheo wala mshahara, na daftari la serikali likija kumhesabu litaandika kwamba hana ajira. Ila yeye ndiye ghala la mbegu la kijiji. Akikosea mwaka mmoja, mboga ya kienyeji ya eneo zima hupungua mwaka unaofuata.

Kitalu hukaa hatua chache kutoka mlangoni, kwa kuwa kinahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Miche ya kabichi na nyanya ikipatwa na baridi na unyevu kwa pamoja, shina hulainika pale linapogusa udongo, na mche uliokuwa umesimama asubuhi huwa umelala jioni. Wenye uzoefu huinua tuta la kitalu, huchanganya udongo na mchanga, hupunguza maji, hufunua nyasi jua likichungulia na kuzirudisha jua likijificha. Bibi mzee wa nyumba, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka shambani, huwekewa kigoda karibu na kitalu afukuze kuku. Tukisema kwamba watu hawa wanaota moto, tuseme pia kwamba wanaota kwa zamu.

Samadi nayo ina habari yake. Baridi huchelewesha kuoza, na samadi mbichi huunguza miche. Kwa hiyo lundo la nyuma ya banda la ng'ombe hupinduliwa kwa jembe la uma, likafunikwa, likapinduliwa tena, ili lipate joto na kuiva kabla ya Oktoba. Ng'ombe mwenyewe analishwa nepia iliyokatwa ikiwa na maji, na akilishwa nyingi hivyo hivyo tumbo lake huvurugika, ikabidi nyasi zianikwe kwanza chini ya paa. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kila moja huonekana dogo likitajwa peke yake. Yakikusanywa, ni kazi ya siku nzima kwa watu watatu.

Na gharama? Kuni zinapanda bei kwa sababu kila nyumba inazihitaji na zilizoko zimelowa. Kuni zilizolowa zina moshi, moshi una kikohozi, na kikohozi kina dawa. Kimanga cha maharagwe na mihogo hushibisha, lakini mafuta, chumvi, sukari na majani ya chai ni ya dukani. Mapato hupungua wakati uo huo, kwa kuwa sukuma iliyokuwa ikichumwa kila wiki sasa inachumwa baada ya siku nyingi zaidi. Ndiyo maana Julai ni mwezi wa kukopa. Chama cha akina mama hutoa kidogo, duka la pembejeo huandika deni la dawa, simu nayo hukopesha papo hapo kwa riba ya haraka. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga wa pwani waliokuwa na jua tele. Huyu wa Taita huchumia ukunguni, na akifika kivulini anamkuta mdai.

Nyigu aliyeipenda baridi

Kuna watakaosema haya ni majaliwa ya Mungu, kwamba baridi haiondolewi kwa bajeti. Kwao nina kisa cha kweli, tena cha nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa kabichi na sukuma wiki wa Werugha walikuwa wakisumbuliwa na nondo mdogo ambaye mabuu yake hutoboa majani mpaka yakabaki kama chujio. Mdudu huyo ameenea karibu dunia nzima na ana sifa moja mbaya: huzizoea dawa upesi. Wakulima walikuwa wakipiga dawa, wakachanganya dawa, wakaongeza vipimo, na nondo akabaki. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kikaleta kutoka Taiwan nyigu mdogo ambaye hutaga yai lake ndani ya buu la nondo huyo. Yai likianguliwa, buu huliwa kutoka ndani. Mwaka 2002 nyigu hao waliachiliwa Werugha, mojawapo ya sehemu mbili za kwanza nchini. Waliota mizizi. Katika miaka michache nondo walipungua, majani yakapona, na haja ya kupiga dawa ikashuka.

Ninachotaka msomaji akitie akilini ni hiki: nyigu huyo hupenda ubaridi. Kwenye joto la nyanda za chini hafanyi vizuri, ikabidi huko atafutwe nyigu wa aina nyingine. Baridi ile ile tunayoitaja sokoni kama sababu ya uhaba ndiyo iliyompa maisha Werugha. Walioleta suluhisho hilo walikwenda mlimani, wakapima mashamba kabla na baada, wakaketi na wakulima. Hawakungoja jua litoke. Kazi yao haikumtaka mkulima anunue kitu chochote kila wiki. Hiyo ndiyo maana ya msaada unaolingana na mahali.

Sasa jiulize, ni mambo mangapi mengine ya majira ya baridi ambayo hayajatazamwa kwa makini namna hiyo? Nani amekaa na wakulima wa Mgange akapima ni aina gani ya nyanya inayostahimili blaiti katika mwinuko wao? Nani amewaletea mipira ya matone, inayopeleka maji kwenye mzizi na kuliacha jani kavu? Najua wapo vijana waliojaribu, na wapo walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta pale Ngerenyi walio karibu na mashamba haya kuliko mtaalamu yeyote wa Nairobi. Ujuzi upo mlimani tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuushika mkono na kuupeleka kwenye boma la tatu kutoka barabarani.

Mwaka wa fedha unaoanza Julai

Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kilimo, na tangu 2013 maafisa wa ugani ni watumishi wa kaunti. Ni uamuzi niliouunga mkono na ningali nauunga mkono, maana aliye kwenye ofisi za kaunti Mwatate anapaswa kuijua Werugha kuliko aliye Nairobi. Tatizo ni kalenda.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, katikati ya baridi. Bunge la kaunti huwa limepitisha makadirio, lakini pesa kutoka Hazina ya Kitaifa huchelewa, na Baraza la Magavana hulia juu ya jambo hilo karibu kila mwaka. Julai hupita ofisi zikingoja. Agosti hupita. Pesa zikiingia, ndipo zabuni zitangazwe, zifunguliwe, zikatiwe rufaa, zitolewe. Mbegu zikifika wadini, vuli imeshanyesha wiki kadhaa. Huyu mama tuliyemwacha na kitalu chake alihitaji mbegu, wavu wa kufunikia na ushauri mwezi wa Agosti. Anaitwa kwenye uwanja wa shule kupokea mbegu Desemba, hotuba zinasomwa, picha zinapigwa, na mbegu hizo zinaingia kwenye kopo kungoja mwaka mwingine, zikipoteza uhai wa kuota.

Mtu atauliza: kaunti ifanye nini ikiwa pesa hazijaja? Bajeti ya mwaka unaoisha Juni 30 inaweza kupangwa ili sehemu ya kilimo cha mlimani inunuliwe Aprili na Mei, ikawekwa ghalani, ikagawiwa Julai. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji ofisa mmoja mwenye kuujua msimu na wakubwa wenye kumsikiliza. Maafisa wa ugani nao ni wachache. Kiwango kinachotajwa kwa kawaida ni afisa mmoja kwa wakulima 400, na kila mkulima wa Kenya anajua tuko mbali nacho. Hata hao wachache, ikiwa pikipiki haina mafuta Julai kwa sababu mwaka wa fedha ndio kwanza umeanza, watafikaje Vuria?

Mwaka 2003, viongozi wa Afrika walikutana Maputo wakaahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti za nchi zao kwa kilimo, na ahadi hiyo wakairudia Malabo mwaka 2014. Kaunti haikutia saini Maputo. Lakini ikiwa kilimo ni kazi ya kaunti, basi na ahadi imeifuata kazi. Waheshimiwa wa bunge la kaunti watuambie hadharani, kwa kila bajeti, sehemu ya kilimo ni ngapi kwa mia, na katika hiyo ni ngapi inayofika shambani kabla ya Septemba.

Maji, msitu na walaji

Siwezi kuzungumzia mboga za Taita nisiutaje msitu. Misitu ya asili ya Ngangao, Mbololo, Chawia na Yale huunasa ukungu ule. Matone hushuka kwenye matawi, yakaingia ardhini, yakatokea chini kama chemchemi inayomwagilia bustani. Mti ndio unaoyafikisha maji ya ukungu kwenye mizizi. Watafiti waliolinganisha picha za angani walikuta kwamba kati ya mwaka 1955 na 2004 karibu nusu ya msitu wa asili wa milima ya Taita ilitoweka. Mahali pengine pamepandwa mikaratusi na misonobari, miti inayokua haraka na kunywa sana. Mkulima anayesema kijito kilichokuwa kikipita Agosti yote sasa hukauka Julai hasimulii ngano.

Mombasa inaguswa na jambo hili moja kwa moja. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, huchukua maji ya chemchemi zilizo ndani ya kaunti yetu na kuyapeleka pwani. Mboga za Taita zimekuwa zikishushwa Mombasa tangu enzi za mkoloni. Jiji linalokunywa na kula kutoka Taita Taveta lingetarajiwa kuijali milima hii kidogo zaidi. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na walaji hao wana magavana, wabunge na mahoteli.

Soko lenyewe lina mtego wake wa Agosti. Shule za bweni kama Dr. Aggrey na Bura Girls hula kabichi na sukuma kwa wingi muhula ukiendelea. Mwezi wa Agosti zinafungwa. Kabichi chache zilizofanikiwa kukomaa hukuta mnunuzi mkubwa wa karibu amefunga lango, na dalali anayepanda mlimani anajua hivyo. Hutaja bei yake na kukunja mikono. Huku chini, nyanya za Loitokitok na Kimana na vitunguu kutoka Tanzania vimeshajaza meza. Kwa hiyo mkulima wa Taita huwa na mboga kidogo wakati bei iko juu sokoni, na hata hiyo kidogo huiuza kwa bei ya chini shambani. Tofauti iko mfukoni mwa mtu wa kati, ambaye simlaumu kwa kuwa na gari. Nalaumu kwamba gari lake ndilo la pekee.

Wakulima nao wana la kujibu. Wengi hupanda kwa kufuata bei ya msimu uliopita: nyanya zikilipa, kijiji kizima kinapanda nyanya kwenye udongo ule ule, ugonjwa unapata makao ya kudumu. Vikundi vimepewa vibanda vya plastiki vya kukuzia nyanya, vikapanda nyanya juu ya nyanya mpaka mnyauko ukaingia kwenye udongo, na plastiki ikapasuka bila wa kuishona. Ushirika wa kuuza pamoja hupendwa siku ya kwanza na kukimbiwa siku dalali akitoa shilingi mbili zaidi. Haya nayasema kwa sababu nayaona, na kwa sababu hayatatibiwa kwa kugawa mbegu peke yake. Kikundi kinachouza pamoja kinahitaji mkataba na shule kabla ya muhula, daftari linalosomeka, na mahali penye ubaridi pa kuhifadhi mboga siku mbili. Ubaridi, kwa bahati, mlimani upo wa bure. Chumba cha mawe chenye kivuli na hewa kinaweza kufanya sehemu ya kazi ya mtambo wa umeme.

Mche wa kabichi hukaa kitaluni wiki nne hadi sita. Vuli huingia Oktoba. Mbegu basi lazima iwe udongoni mwishoni mwa Agosti, na lazima iwe mkononi mwa mkulima kabla ya hapo. Naiomba kamati ya kilimo ya bunge la Kaunti ya Taita Taveta ifanye kikao chake kimoja Werugha mwezi wa Julai, asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka, na iwaite wanawake wenye vitalu wazungumze kwanza. Waheshimiwa wabebe masweta na kalamu, na makadirio ya mwaka unaofuata yaandikwe kwa yale watakayoyasikia huko.